Leo Mtalii Mimi

Kwetu Paje mtalii hajulikani kwa rangi, hujulikana kwa mwendo. Anakwenda polepole pasipo na tope, anasimama katikati ya njia bila kuitwa na mtu, anainua kichwa kutazama mnazi kama mtu anayesubiri dafu lianguke lenyewe. Nimekulia kati ya watu wa mwendo huo. Mama yangu akiinama baharini, maji ya magotini, anafunga mwani kwenye kamba, na nyuma yake mtu ameshika kamera. Mama hakuwa akigeuka. "Mwache apige," akituambia sisi watoto, "mgongo wangu haumaliziki kwa picha."

Kwa hiyo asubuhi ile nilipojikuta nimeganda katikati ya njia ya watu, shingo nimeipinda, natazama majumba yaliyopandana juu ya jabali, mpaka bwana mmoja mwenye mkoba akanipita kwa kuguna, nilicheka peke yangu. Nikajisemea: haya, leo mtalii wewe.

Nilikuwa Nice, kusini mwa Ufaransa, mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili ya sayansi ya bahari. Monaco iko jirani kabisa, mwendo wa treni wa dakika ishirini na kitu, lakini nilikaa miezi minane sijafika. Kwangu lilikuwa jina la kwenye televisheni, la magari ya mbio na wafalme wenye miwani ya jua. Ukiishi kwa posho ya mwanafunzi hujihimizi kwenda mahali ambapo unadhani hata hewa watakutoza. Ikaja sikukuu moja ya mwezi wa Mei, chuo kimefungwa, jua limewaka, na mikate miwili ya jibini nimeshaifunga kwenye karatasi. Nikatoka.

Behewa la saa moja

Treni ya saa moja asubuhi si ya watalii. Niliona tangu naingia: hakuna kofia za majani, hakuna vijiti vya kupigia picha. Kuna watu wamelaza vichwa kwenye vioo, viatu vyeusi vya kazini, mifuko yenye vibakuli vya chakula. Monaco ina wakazi wanaokaribia 40,000 tu, na wafanyakazi wanaovuka mpaka kila siku kuingia humo ni wengi kuliko wakazi wenyewe. Wapishi, makarani, mafundi, walinzi, wote wanalala Ufaransa au Italia kwa sababu huko ndiko kodi ya nyumba inakolipika.

Mama alinipigia simu kabla hatujang'oa. Kwao ilikuwa saa mbili, maji ya bamvua yanapwa, anataka kuwahi shamba lake la mwani. Tukazungumza harakaharaka, mwani, mafua ya kaka yangu, bei imeshuka tena, na nilipokata simu mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa ananitazama kwa tabasamu la mtu aliyekamata mwizi.

"Ee mwanangu, wewe mtu wa Unguja?"

Nilishtuka hata nikasahau heshima, kisha nikazinduka. "Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba. Usishangae. Mimi Mngazija. Nimekaa Malindi pale kwa bibi yangu miaka minne, nikisoma. Kiswahili changu kimepata kutu lakini bado kinakata."

Umri wake kama wa mama, mtandio wa buluu, koti la kazi limekunjwa mapajani. Kutoka Unguja alirudi Moroni, kutoka Moroni akaenda Marseille, ambako, kwa maneno yake, ana ndugu wengi kuliko aliowaacha kisiwani. Mume akapata kazi Nice, wakahama. Sasa yeye anafanya vyumba katika hoteli moja kubwa ya Monte Carlo. Ghorofa ya nne.

"Na wewe huko unakwenda kazi?"

"Nakwenda kutembea tu, mama. Kuangalia."

Akacheka, na akanigonga goti kwa ncha ya kidole. "Basi upige picha, jioni nikikukuta unionyeshe. Mimi mwaka wa kumi na moja huu, naingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mbele sipajui."

Reli hii ilifika Monaco mwaka 1868, na walioijenga walikuwa na jabali upande mmoja na bahari upande wa pili, basi wakatoboa. Ndiyo maana safari nzima ni giza na mwanga kwa zamu. Handaki, halafu ghafla ghuba ya Villefranche, maji yake mazito ya kina kirefu, na nyumba za rangi ya embe bivu na rangi ya waridi zimejipanga hadi ukingoni. Handaki. Beaulieu na mitende yake. Handaki. Kisha Eze, stesheni iko chini ufukweni na kijiji chenyewe kimeng'ang'ania kwenye kilele zaidi ya mita 400 juu, kama kiota. Bi mkubwa hakutazama nje hata mara moja. Alikuwa anapaka mikono mafuta, kidole kwa kidole, polepole, mpaka tukafika.

La Condamine

Stesheni ya Monaco imo ndani ya mwamba. Unashuka kwenye ukumbi mrefu wa chini ya ardhi, mawe yamesuguliwa yanang'aa, na watu wote wa behewa langu wakatawanyika kwa mwendo ambao naujua, mwendo wa mtu mwenye saa ya kuingia. Bi mkubwa akapotea humo. Mimi nikabaki na njia zangu nne za kutokea, nikatoka kwa moja, na hapo nje ndipo yule bwana wa mkoba alipoguna.

Nilianzia sokoni. Mahali popote nikifika kwanza natafuta soko, maana soko halijui kujipamba sana. Soko la La Condamine lipo tangu mwaka 1880, chini ya nguzo za uwanja wa Place d'Armes: mboga na maua nje, vibanda vya chakula ndani. Nikaona mama mmoja anaepua kitu kwenye mafuta, na moyo wangu ukaruka. Sambusa! Haikuwa sambusa, lakini ilikuwa binamu yake. Inaitwa barbagiuan, unga umekunjwa kama pochi na kukaangwa mpaka ufanye malengelenge. Nikauliza kama ndani mna nyama. Mama akanyanyua jani kubwa la kijani lenye bua jeupe nene, mboga ya jamii ya mchicha, akaonyesha na jibini laini. Ndiyo yote. Jina lenyewe kwa lugha yao ya kale maana yake ni Mjomba Yohana, na tarehe 19 Novemba, sikukuu ya taifa, hakuna nyumba isiyokaanga. Nilikula tatu nimesimama. Zilikosa pilipili, na hilo nalisema bila uadui.

Kando yake walikuwa wanauza socca, ambayo wenzangu wa Nice wananilisha kila wiki. Ni unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, umimine kwenye sinia pana la shaba, uingize kwenye tanuri la moto mkali. Unatoka kama chapati iliyoungua kwa makusudi. Mara ya kwanza nilipoionja nilifumba macho nikaona bajia za Forodhani. Unga uleule, bahari mbili tofauti, na kila pwani inaapa kwamba mapishi yake ndiyo asili.

Juu ya Jabali

Nchi hii ilianzia juu ya jabali moja, na wenyewe wanaliita hivyohivyo, Jabali. Unapanda kwa njia ya mawe mapana yaliyolala, na ukifika juu unakuta uwanja, kasri la rangi ya mchanga, na sanamu ya mtawa aliyejifunika kofia ya joho. Mtawa huyo ana upanga chini ya vazi.

Kisa chake kila mtoto wa huku anakijua. Usiku wa tarehe 8 Januari 1297, François Grimaldi, mtu wa ukoo uliofukuzwa Genoa, alibisha lango la ngome amevaa kama mtawa anayeomba hifadhi. Wakamfungulia. Wenzake wakaingia nyuma yake na ngome ikawa yao. Mahali pengine kisa cha namna hii watu wangekizika. Hapa wamekichora kwenye nembo ya taifa: watawa wawili wameinua panga, mmoja kila upande. Wameipoteza ngome na kuirudisha mara kadhaa, lakini Grimaldi ndio hao wanaokaa ndani mpaka leo.

Saa sita kasoro dakika tano, si kasoro nne wala sita, walinzi wa kasri walibadilishana zamu kwa ngoma na tarumbeta. Umati ulikuwa mkubwa. Sikuona sana walinzi, niliona simu za watu zimeinuliwa juu kama msitu, na walinzi wadogowadogo wanatembea ndani ya kila simu.

Ukubwa wa nchi yote ni kama kilomita mbili za mraba; ni Vatikani peke yake iliyo ndogo zaidi. Kutoka Paje hadi Jambiani kwa miguu, ufukweni, ni mbali kuliko kuikata Monaco mpaka kwa mpaka. Nilisimama kwenye ukuta wa kasri nikaiona nchi nzima bila kugeuza shingo: bandari chini, minara ya nyumba nyuma yake, mlima wa Ufaransa umeinamia kama jirani anayechungulia chungu cha mwenzake.

Kanisa kuu liko hatua chache kutoka hapo, mawe meupe, ndani baridi. Watu wanazunguka nyuma ya madhabahu kwa foleni ya kimya hadi kwenye bamba la sakafuni lenye maandishi ya Kilatini na mwaka 1982. Hapo amelala Grace Kelly, mwigizaji wa Marekani aliyeolewa na mtawala Rainier wa Tatu mwaka 1956 na kufa kwa ajali ya gari katika barabara hizihizi za milimani. Pembeni yake yupo mumewe, aliyemfuata mwaka 2005. Bibi mmoja wa Kijapani aliweka ua dogo, akarudi nyuma hatua tatu, akainama. Sikupiga picha.

Jumba la bahari

Nikiri kwamba kilichonileta Monaco hasa si kasri. Ni jumba la makumbusho ya bahari, na kama ningekuwa na nusu saa tu ningeitumia hapo. Limejengwa ukingoni mwa genge, ukuta wake unapanda mita 85 kutoka majini, na ukilitazama kutoka chini huwezi kusema mwamba umeishia wapi na jengo limeanzia wapi. Lilifunguliwa mwaka 1910 na Albert wa Kwanza, mtawala aliyependa meli kuliko kiti. Alisafiri kwenye bahari kuu na wanasayansi, akavua viumbe vya kina kirefu, akachora ramani. Katika meli yake *Princesse Alice*, mwaka 1901, Charles Richet na Paul Portier walianza kuchunguza sumu ya kiumbe fulani anayefanana na konyeza, na uchunguzi huo ukawafikisha kwenye ugunduzi wa ule mzio mkali unaoweza kumuua mtu kwa dakika chache. Richet akapewa Nobeli mwaka 1913. Kila mtoto wa pwani aliyewahi kuwashwa na konyeza anastahili kukijua kisa hiki.

Juu kimening'inizwa kiunzi kizima cha mifupa ya nyangumi, mbavu zake kama mataruma ya jahazi lisilopigwa mbao. Wanafunzi wadogo wa shule walikuwa wamelala chali sakafuni chini yake, mwalimu kawaambia wahesabu. Nami nikalala. Mlinzi alinitazama, akaona bora anyamaze.

Lakini nilichokuja kutafuta hakikuwa ndani, kilikuwa chini ya ukuta. Mwaka 1984, kwenye maji yaleyale yanayopiga msingi wa jumba hili, lilionekana doa dogo la mwani wa kijani kibichi usiokuwa wa bahari hii, Caulerpa taxifolia, mwani wa maji ya joto unaofugwa kwenye matangi ya samaki. Doa lilikuwa kama upana wa mkeka. Mwani ule haukufa kwa baridi kama ilivyotarajiwa. Ukatambaa, nanga za mashua zikaubeba, na miaka ya tisini ulikuwa umeshafika pwani za nchi kadhaa za Mediterania. Alexandre Meinesz, profesa wa chuo cha Nice, alipiga kelele mapema. Wengine wakabishana naye miaka mingi kuhusu ulikotoka na ubaya wake. Baadaye mwani wenyewe, bila kumuuliza mtu, ukaanza kupungua sehemu nyingi.

Niliegemea ukuta nikatazama maji na kumkumbuka mama. Mwani anaoufunga yeye nao ni mgeni. Mbegu zake zililetwa kutoka Ufilipino, na kilimo chenyewe kikaanza Paje na Jambiani mwaka 1989. Kwetu mgeni huyo alijenga nyumba za bati, akalipa ada za skuli, na sehemu ya ada hizo ni zangu. Sasa maji yamepata joto, mwani unaoza kwenye kamba, na wanawake wanalazimika kuingia kina kirefu zaidi kuutafutia ubaridi, wengi wao hawajui kuogelea. Mwani mmoja mgeni watu waliulilia ufe, na mwingine wanaulilia uishi. Mada ya tasnifu yangu ilizaliwa pale ukutani, na msimamizi wangu mpaka leo anadhani niliitoa kwenye vitabu.

Adhuhuri niliswali kwenye bustani ya Mtakatifu Martin, chini ya misonobari, kanga yangu nimeitandika kwenye kona isiyopitwa na watu. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti alihamisha mbwa wake upande wa pili wa kiti, bila kusema neno, na nilipomaliza akamrudisha.

Uwanja uliosimama baharini

Upande wa magharibi wa Jabali kuna mtaa wa Fontvieille, na mtaa huo wote, zaidi ya hekta 20, ulikuwa bahari. Rainier wa Tatu aliujaza kwa mawe na udongo nusu karne iliyopita. Nchi ikibanwa pande tatu, inanyoosha mguu majini. Na hawajaacha: mwishoni mwa mwaka 2024 walifungua Mareterra upande wa mashariki, hekta sita nyingine zilizozungushiwa makasha 18 ya zege, na kabla ya kujaza waliyang'oa majani ya bahari yaliyokuwa pale, wakayahamisha na kuyapanda pengine. Wenzangu wa darasani wanagombana juu ya uhamisho huo. Nilipita Mareterra jioni. Maduka, bustani, maji safi. Ardhi changa haina harufu, hilo ndilo lililonigusa.

Fontvieille ndiko uliko uwanja wa michezo wa Louis wa Pili. Kwa nje unaweza kuupita ukadhani ni jengo la ofisi. Mpira wa AS Monaco unachezwa humo, na chini ya nyasi zake kuna maegesho ya magari, kwa sababu hapa hakuna anayeacha futi moja ikae bure. Lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi, mzee mwenye masharubu meupe, aliniona nachungulia.

"Kenya?" akaniuliza.

"Tanzania."

Akafikiri. "Karibu na Kenya," akasema, kama mtu anayenipa moyo, na akafanya mikono ya mtu anayekimbia.

Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana alikuwa na haki yake. Ndani ya uwanja huu Beatrice Chepkoech wa Kenya alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:44.32 mwezi Julai 2018, na hakuna mwanamke duniani aliyekuwa amewahi. Agosti 2020, dunia imejifungia kwa korona na viti vingi vitupu, Joshua Cheptegei wa Uganda akakimbia mita 5,000 kwa 12:35.36, akaivunja rekodi ya miaka kumi na sita. Julai 2023 akaja Faith Kipyegon, maili moja kwa 4:07.64. Mzee alikuwepo usiku ule wa Kipyegon. Aliniambia kwa Kifaransa cha polepole cha kumsaidia mgeni kwamba alipomaliza wapinzani wake hawakuondoka, walimzunguka, wakamkumbatia. Nami nikaona nisiondoke bila kuiweka Tanzania mahali pake, nikamwambia habari za mkimbiaji wetu Filbert Bayi, mita 1,500, mwaka 1974, kule Christchurch. Akanyamaza. Akatoa ufunguo.

Alinifungulia mlango kama upana wa bega, dakika moja, ndani yake uwanja mtupu, matao makubwa ya upande mmoja yakiingiza mwanga wa alasiri. Hakuna mtu kwenye njia ya kukimbilia. Maji yalikuwa yanamwagilia nyasi, tsss, tsss, tsss. Kati ya vyote nilivyoviona siku ile, kasri, dhahabu, boti zenye helikopta juu, hicho ndicho ningependa kumwonyesha baba yangu, aliyekuwa akisikiliza riadha redioni.

Bandari, na mtakatifu wa mashua

Kutoka Fontvieille kwenda bandarini nilipotea kwa lifti. Monaco imejengwa kwa kupandana, mtaa juu ya mtaa, na serikali imeweka lifti za umma ndani ya mwamba ili watu wasife kwa ngazi. Jambo jema. Ila mimi niliingia lifti nikidhani nashuka, nikatokea kwenye barabara ya juu kabisa, hatua chache na niko Ufaransa. Nikarudi, nikabonyeza kitufe kingine, nikatokea kwenye maegesho. Mara ya tatu nilimfuata mwanamke mwenye kigari cha mtoto, maana mwenye kigari cha mtoto hupajua pa kupita.

Bandari ya Hercule wakati huo ilikuwa imefungwa vyuma. Kila mwaka mitaa ya mji inageuzwa uwanja wa mbio za magari zilizoanza mwaka 1929, kilomita tatu na ushei zinazozungukwa mara 78. Mafundi walikuwa wanakaza majukwaa ya watazamaji mbele ya boti za kifahari, nyundo zinalia, na kati ya kelele zote kuna kanisa dogo limejibana kwenye korongo: la Mtakatifu Dévote. Inasemwa alikuwa msichana wa Corsica aliyeuawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya nne, na mashua iliyobeba mwili wake ikaongozwa na njiwa mpaka hapa. Baadaye wezi waliiba masalio yake, wakakamatwa, na mashua yao ikachomwa moto. Kwa hiyo kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari, mashua huchomwa mbele ya kanisa, na mtawala mwenyewe huja kuwasha.

Nilisoma hayo nikaiona Makunduchi. Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, wanaume wanatandikana kwa migomba, wanawake wanaimba, na kibanda cha makuti kinawashwa moto ili mwaka uliopita uondoke na mambo yake. Watalii hujazana. Sikuwahi kufikiria kwamba na watu wa magari ya Ferrari wana kibanda chao cha kuchoma.

Monte Carlo

Mlima huu zamani uliitwa Spélugues, mapango, na haukuwa na kitu. Mwaka 1848 miji ya Menton na Roquebrune ilijitenga na Monaco, ikaondoka na mashamba ya malimau na zeituni, yaani na kodi karibu yote. Mwaka 1861 Ufaransa ikainunua kabisa miji hiyo, na mtawala Charles wa Tatu akabaki na jabali na deni. Ndipo akamleta François Blanc, aliyekwishatajirika kwa michezo ya kamari huko Ujerumani, akampa kibali mwaka 1863. Mlima ukabadilishwa jina mwaka 1866, ukaitwa mlima wa Charles, Monte Carlo. Reli ikaja miaka miwili baadaye na wageni ndani yake, na mwaka 1869 kodi za moja kwa moja zikafutwa kwa wenyeji. Charles Garnier, msanifu wa jumba la opera la Paris, akaja kuongeza ukumbi wa muziki mwaka 1879. Kwa ufupi, nchi iliyopoteza malimau ilijifunza kuvuna wageni, na hadithi hiyo mtu wa Paje haimpigi chenga.

Kamari kwetu ni haramu, basi sikuwa na tamaa ya kuingia. Nilichokuwa sijui ni kwamba hata kwao ni haramu ya namna yake: raia wa Monaco wanakatazwa na sheria kucheza kwenye kasino. Mchezo ni wa wageni. Wenyeji wanakula faida wakiwa nje.

Nilikaa kwenye ukingo wa bustani mbele yake, kwa sababu ukingo ni bure na kiti cha mkahawa si bure. Niliisoma bei ya kahawa mlangoni, nikaigeuza shilingi kichwani, nikaigeuza tena nikidhani nimekosea. Mikate yangu ya jibini nikaila hapo. Hakuna papasi hata mmoja wa kunisumbua, hakuna "jambo jambo", hakuna wa kuniuzia safari ya kuona pomboo. Kuna kamera juu ya nguzo na polisi wenye glavu nyeupe. Nikatamani papasi mmoja tu, anidanganye kidogo, nijue nipo pwani.

Watu walikuwa wanapiga picha magari. Gari linaegeshwa, mwenyewe anaingia ndani bila kugeuka, na umati unalizunguka. Kijana mmoja aliliegemea, wa rangi ya chungwa, akainua vidole viwili, akapigwa, akaondoka. Papo hapo akatoka mtumishi wa mlangoni, kijana kama mimi, ana kitambaa mfukoni. Akainama, akapuliza mlango wa gari, akapangusa alama ya mkono. Akaangalia kwa ubavu, akaona kidole kimoja kimebaki. Akapangusa tena. Alipoinuka watu walikuwa wanampiga picha na yeye, mgongo. Hakugeuka.

Nikaikumbuka ahadi. Hoteli ziko mbili tatu pale, ila bi mkubwa aliniambia jina la hoteli yake. Nikavuka upande wa pili, nikarudi nyuma mpaka jengo lote likaingia kwenye simu, nguzo, mabaraza, madirisha, nikapiga moja.

Treni ya jioni

Sikuwa na hakika kama nitamkuta. Nilimwona kabla hajaniona, kwenye benchi chini ya mwamba, kiatu kimoja amekivua na anajikanda unyayo.

"Umechoka, mtalii?"

"Nimechoka, mama. Pole na kazi."

"Nishapoa. Haya, lete tuone."

Treni ilijaa, tukabanana kwenye kiti kimoja. Akapitisha picha kwa kidole gumba: kasri, akaguna, nyangumi, akasema subhanallah, huyu mkubwa kuliko msikiti wetu, barbagiuan, akaniuliza kama zina pilipili. Kwenye picha ya hoteli akasimama. Akaitoa simu mkononi mwangu. Kwa vidole viwili akaikuza, mpaka nguzo zikatoka na mabaraza yakatoka, na yakabaki madirisha ya ghorofa ya nne peke yake, yamefifia kidogo.

"Kumbe ndivyo palivyo," akasema.

Kisha akaanza kutoka kushoto. "Hiki. Mwenyewe kaacha zabibu kitandani. Hiki hapana, hawa hawakutoka. Hiki. Pazia hili, unaliona? Nimelivuta mimi saa tano. Na hiki. Na hiki."

Tuliingia handakini, taa za behewa zikawaka, na kidole chake kilikuwa bado kinahesabu.